Mwaka mmoja kwenye maji yasiyokupwa

Siku ya tatu tangu nifike Mwanza nilikaa juu ya jiwe pembeni ya mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhushia samaki, nikangoja maji yatoke. Sikukusudia. Mtu wa Pangani akikaa kando ya maji, mwili wenyewe unangoja. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba 2024, mwezi ndio kwanza umeandama, na kwetu siku kama hizo maji yanakuwa yamekwenda mbali kabisa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Saa sita jua liko utosini, na ile alama ya kijani kwenye jiwe la mbele, niliyoitia jicho tangu asubuhi, ilikuwa palepale.

Pembeni kulikuwa na kijana anakung'uta wavu. Nikamwuliza, "Kaka, hapa maji yanatoka saa ngapi?"

Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kwenye mtandio. "Yatoke yaende wapi, dada?"

Alinitania kwa hilo miezi yote iliyofuata. Kila nikipita na daftari langu, anapaza sauti mbele ya wenzake: "Mtanga! Yameshatoka?" Na mwalo mzima unacheka.

Nieleze nilifikaje hapo. Nasoma uchumi Dar es Salaam. Chuo chetu na chuo kimoja cha Mwanza vina makubaliano ya kubadilishana wanafunzi wa mwaka wa pili. Unakwenda mwaka mzima, ada unaendelea kulipa kwenu, unakaa darasani kwa wenyeji, mitihani unafanya ya kwao, halafu alama unarudi nazo. Tangazo lilibandikwa karibu na maktaba wiki mbili nzima. Nafasi zilikuwa nne na waombaji tulikuwa saba. Saba, chuo kizima! Lingekuwa tangazo la Uturuki au China, kile kibao kingevunjwa. Hapa kwetu mwanafunzi akisikia mabadilishano anawaza pasipoti na picha ya uwanja wa ndege. Mjomba wangu wa Tanga mjini aliponipigia kunipongeza, akauliza nchi gani, nikamwambia Mwanza, alikaa kimya kidogo. "Aa. Basi si mbaya. Utakula sato."

Mama hakuuliza habari za sato. Mama yangu anachokoa pweza. Bamvua likifika, zile siku maji yanapojaa na kutoka kuliko kawaida, anashuka mwambani na wenzake, kila mmoja na chuma chake, na adhuhuri ameshapanda. Siku za maji mafu, yanapotoka kidogo tu, anakaa kibarazani anasuka ukili. Sare zangu na madaftari yangu yote ya sekondari yalitoka kwenye mashimo ya mwamba ule. Kalenda ya ukutani nyumbani tunayo, ya duka la mtu, lakini ni pambo. Tunachohesabia ni mwezi. Kwa hiyo nilipomwambia nakwenda kukaa mwaka mzima kwenye ziwa, aliniuliza jambo moja tu: "Na bamvua la huko likoje?"

Nikamjibu, kwa ule ujuaji wa mtu aliyemaliza mwaka wa kwanza chuoni, kwamba maji ni maji.

Safari siielezi sana. Basi liliondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, na zaidi ya kilomita 1,100 nilizikaa kwenye kiti kimoja na mfuko wa nazi kumi miguuni, maana niliambiwa Mwanza nazi ni bei. Morogoro, Dodoma, Singida, mteremko wa Sekenke ambapo kila abiria alinyamaza, Igunga, Nzega, Shinyanga, giza. Tulishuka Nyegezi usiku. Nazi mbili zilikuwa zimepasuka na kuchacha, na jirani yangu wa kiti alikuwa ameshaacha kuongea nami tangu Singida.

Nilipanga chumba Kirumba, juu mlimani, kwa mama mmoja mjane. Picha za Mwanza kila mtu ameziona, zile za jiwe juu ya jiwe, lakini picha haikwambii kwamba watu wanaishi humo katikati. Nyumba yetu ukuta wake mmoja ulikuwa jiwe. Si ukuta wa mawe, nasema jiwe, moja, kubwa kuliko basi, nyumba imeegemezwa hapo na bati likakatwa kufuata umbo lake. Mchana linanyonya jua, usiku linakurudishia joto lote. Nguo tulianika juu yake. Njia ya kupandia ilikuwa ngazi ambazo kila aliyejenga aliongeza yake kwa kimo anachotaka yeye, na wiki ya kwanza mapaja yaliniuma nikashindwa kurukuu.

Usiku wa kwanza, kabla hata sijafungua begi, nilitoka nje nikaona mji mwingine ng'ambo, taa nyingi zimejipanga chini kabisa ya anga. Nikamwuliza mama mwenye nyumba ule ni mji gani. "Ule? Ule ni dagaa." Zilikuwa taa za mitumbwi. Akaongeza, "Sasa hivi ni giza. Subiri mbalamwezi uone kama utauona tena huo mji wako."

Sikuelewa alichosema. Nilikuwa na usingizi, na nilikuwa natafuta harufu ya chumvi hewani, siipati.

Jambo la chumvi lilinisumbua kuliko nilivyotegemea. Nilipoyaonja maji ya ziwa mara ya kwanza, kwa kidole, nilihisi kama nimedanganywa. Maji makubwa namna ile, yana mawimbi, yana upeo, halafu hayana ladha. Nikaona akina mama wanafulia humo. Kwetu ukifulia baharini nguo inakauka kama ubao. Halafu kuna suala la kichocho. Pwani mtoto akiwa na kidonda anaambiwa aende akaoge baharini kipone. Mwanza mwenzangu wa darasani alinivuta mkono nilipotaka kuingiza miguu kwenye kijimkono kimoja chenye majani: pale pana konokono, na konokono hao ndio wanaobeba kile kimelea kinachopenya ngozi. Nilikuja kumeza vidonge vyake mwezi Mei kwa sababu sikusikia vizuri.

Kuhusu lugha. Nilikwenda nikiwa na kiburi, nakiri. Sisi watu wa mwambao tunadhani Kiswahili tumewakopesha wengine. Mama mwenye nyumba aliniamkia asubuhi ya kwanza, "Mwangaluka," nikasema "Marahaba," yeye mtu mzima mwenye wajukuu! Alicheka mpaka akashika jiwe. Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, na jibu lake ni hilohilo, mwangaluka. Mchana inakuwa mwadila. Ahsante ni wabeja. Mwanamke unamwita mayu, hata kama ni binti, kwa heshima, na kuitwa mayu na konda wa daladala ni jambo ambalo Dar halijawahi kunitokea. Nilijifunza pia kukunja goti kidogo ninaposalimia wakubwa. Mwanzoni nilijiona kama naigiza, kufika Desemba goti lilikuwa linajikunja lenyewe.

Wao nao walinicheka. Nikisema "nshakula" wanarudia wote kwa pamoja. Waliniita Mtanga, kisha Mswahili, kisha Mtanga tena.

Darasani hakukuwa na tofauti kubwa ya kusimulia. Vimbweta ni vimbweta, desa ni desa, projekta inakufa katikati ya kipindi kama kwetu. Tofauti ilikuwa kwenye kozi moja ya uchumi wa rasilimali, ambayo mhadhiri wake hakutaka insha. Alitaka kila mmoja wetu achague kitu kimoja kinachouzwa Mwanza, aandike bei yake mara mbili kwa wiki kwa miezi mitano, kisha aeleze kwa nini inapanda na kushuka. Wenzangu walichagua mchele, nyanya, bodaboda. Kuna kaka mmoja alichagua mabondo, lile bondo la sangara ambalo watu hulipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara na kulinunua kwa bei inayoiacha nyama yenyewe mbali; wiki ya pili akabadilisha mada, kwa sababu kila aliyemwuliza bei alitaka kwanza kujua yeye ni nani na katumwa na nani.

Mimi nikachagua dagaa. Nilikuwa napita mwaloni kila siku hata hivyo.

Kama hujafika mwalo wa Kirumba, ondoa kichwani soko la samaki la Feri. Hapa ni magunia. Dagaa wakavu wanashushwa kutoka visiwani, Ukerewe na kwingine, wamejazwa na kushindiliwa, na wanapakiwa kwenye malori yanayokwenda mikoa yote na nje ya nchi. Hewa yake ukitoka nayo inakufuata mpaka kwenye daladala. Nilifundishwa haraka kwamba hakuna "bei ya dagaa". Kuna dagaa walioanikwa mchangani, na kuna waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchanga ni rahisi, na jino litakwambia kwa nini. Wa chanja ni wasafi na ni ghali. Kuna walionyeshewa mvua wakati wa kuanikwa, wakageuka rangi, hao wanakwenda kwenye chakula cha kuku. Mama mmoja mwenye meza karibu na mizani, ambaye nilimzoea nikawa namwita shangazi, alinikataza kuandika bei ya ndoo bila kuandika ndoo ya nini. "Ukiandika dagaa tu, umeandika uongo," alisema, na siku hiyo nikachana kurasa tatu.

Wiki sita za kwanza namba zangu hazikuwa na maana yoyote. Zinapanda, zinashuka, zinapanda. Nikazipeleka kwa mhadhiri, akauliza umeangalia sikukuu, umeangalia mafuta, umeangalia mwisho wa mwezi watu wakilipwa? Nikaangalia vyote. Mwisho wa mwezi haukueleza kitu.

Jibu nililipata kwenye simu na Mama. Nilimpigia Jumapili moja katikati ya Desemba, nikategemea nimkute nyumbani, nikamkuta anahema, yuko mwambani. Nikasema, "Kumbe ni bamvua?" Akasema, "Mwezi kumi na nne leo, ulitaka niwe wapi?" Nikakata simu nikafungua daftari. Mwezi kumi na nne. Usiku ulipoingia nilitoka nje. Mbalamwezi ilikuwa imemwagika juu ya ziwa zima, na ule mji wa taa haukuwepo. Hata mtumbwi mmoja.

Hapo ndipo maneno ya mama mwenye nyumba ya usiku wa kwanza yalinirudia. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Wavuvi wanawasha, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi za umeme wa jua, dagaa wanaifuata nuru, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu nuru iko kila mahali, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa ya mtu, na wavuvi wanakaa kambini wanashona nyavu, wanalala, wengine wanakunywa. Hizo ndizo siku za mbalamwezi. Magunia yanapungua mwaloni, na siku chache baadaye bei inapanda. Giza likirudi, inashuka.

Nikachora upya jedwali langu lote, safari hii tarehe zikiwa za mwezi wa mwandamo. Kwa Mwislamu ni rahisi: tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe ambazo bibi yangu anafunga sunna, ndizo mbalamwezi ya Mwanza. Namba zilijipanga zenyewe kama watoto waliomsikia mwalimu anakuja. Sitasahau usiku huo. Nilikuwa peke yangu na lile jiwe langu la joto, na nilitaka kumwamsha mtu.

Kilichonifurahisha hasa ni hiki. Mama anamfuata mwezi na mvuvi wa Kirumba anamfuata mwezi huohuo, ila kila mmoja anachukua kitu chake. Bamvua linakuja mara mbili, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo mwezi mchanga Mama yuko mwambani na mvuvi yuko ziwani, wote kazini. Mwezi mpevu Mama yuko mwambani, mvuvi kalala. Na ziwa lenyewe halijali. Niliuliza kwa mhadhiri wa jiografia kama kweli maji yake hayapwi kabisa, akaniambia mwezi unalivuta nalo, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho haliwezi kukiona. Kilomita za mraba kama 68,800, ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na mbele ya bahari bado ni beseni.

Nilimweleza Mama haya yote kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo huko watu wanavua wakati hawaoni," akasema, "na sisi wakati tunaona." Kisha akauliza kama nakula.

Swali hilo lilikuja kwa wakati wake. Bumu letu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, la muhula wa kwanza lilichelewa wiki saba. Ofisi moja, sitaitaja, ilikuwa na orodha ya waliopo, na sisi wanne hatukuwemo kwa sababu tumeondoka. Ofisi nyingine ilikuwa na orodha ya waliosajiliwa, na hatukuwemo kwa sababu sisi ni wageni. Kila moja ilitutuma kwa mwenzake kwa upole kabisa. Mwenzetu mmoja alisafiri mpaka Dar na kurudi, usiku mbili barabarani, kwenda kuonyesha kitambulisho ambacho kilishatumwa kwa barua pepe mara tatu. Wiki hizo saba mama mwenye nyumba hakuniuliza kodi. Alinifundisha kupika mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa nje. Ukiyakaanga kwanza, ukayaunga na nyanya na pilipili, kuna nyama kwenye shavu na shingoni ambayo mashine haikuifikia. Nilitumia nazi yangu ya mwisho humo. Aliionja, akaweka kijiko chini, akasema kwa heshima zote kwamba samaki hapaswi kunukia keki.

Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi 2025. Jua la Mwanza linachelewa. Mji uko magharibi ya Pangani kwa nyuzi sita hivi za longitudo, na hizo ni kama dakika 24. Nilijua hilo kwenye karatasi. Kulijua kwa tumbo ni kitu kingine. Nilikuwa nimezoea kumpigia Mama wakati wa futari, na siku ya kwanza akapokea na mdomo umejaa. Nasikia vijiko, nasikia mdogo wangu anadai kachori, na mimi nimekaa juu ya jiwe natazama jua limening'inia juu ya ziwa halina haraka hata kidogo. "Sisi tumeshafuturu," Mama akasema. "Wewe bado uko jana." Ikawa ndio utani wetu wa mwezi mzima. Daku nami nilikuwa nala wao wameshafunga, kwa hiyo hesabu ilikuwa sawa, lakini jaribu kuliambia tumbo hilo saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mwezi ulipofika kumi na tano, bei za dagaa zikapanda kama nilivyoandika zingepanda, na shangazi wa mwaloni akaanza kunitambulisha kwa watu: "Huyu binti anajua bei ya wiki ijayo." Nilivimba kichwa. Nikafanya kosa la kutabiri kwa sauti.

Maana masika ilikuja ikavuruga kila kitu. Aprili giza lilifika, mitumbwi ikaingia, dagaa wakavuliwa tele, na mvua ikawanyeshea wakiwa wameanikwa. Siku mbili tatu bila jua na mzigo mzima unakuwa wa kuku. Bei ya dagaa wazuri ilipanda wakati wa giza, kinyume kabisa na daftari langu, na mama mmoja aliyeahirisha kununua kwa kunisikiliza mimi alinunua ghali. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mayu, umeuangalia mwezi, hukuangalia wingu." Niliandika sentensi hiyo kwenye ripoti, nikaiwekea jedwali la siku za mvua chini yake, na mhadhiri aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu bila kusema ni kwa uzuri au kwa ubaya. Alama ilikuwa B+.

Kuna safari moja ninaifikiria zaidi ya nyingine. Januari darasa letu lilikwenda Sengerema, na tulivuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko. Tulingoja karibu saa mbili. Kwenye kungoja huko tulikula mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga, mayai, karanga. Kuna mama aliniuzia sato mdogo kwenye gazeti, kiganja chote, na chumvi ya pembeni. Juu yetu daraja lilikuwa linamaliziwa. Lilizinduliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, na wiki chache baadaye, kabla ya kuondoka, nilivuka tena. Dakika chache tu, upepo dirishani, abiria wote wamenyanyua simu wanarekodi. Nami nilirekodi. Ni daraja zuri na wagonjwa wa ng'ambo hawatangoja tena foleni usiku, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila katikati ya video yangu kuna mahali kamera inashuka, inatafuta kitu chini kwenye ufukwe. Nilikuwa natafuta zile meza za samaki.

Yule kijana wa wavu, wa "yameshatoka", siku ya kuaga alinipeleka nyuma ya mwalo akanionyesha msingi wa kibanda, matofali mistari miwili, umevaa ukoga. Akasema mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka hapa, kibanda kikaondoka. Baadaye likashuka. Mwaka 2024, kabla sijafika, likapanda tena. "Si ulitaka kujua yanatoka saa ngapi?" akasema. "Yanatoka. Ila wewe ulikuja na saa, ungekuja na miaka." Sikuwa na jibu. Mwaka mzima alikuwa nalo mfukoni, akanipa siku ya mwisho.

Nimerudi Dar sasa, mwaka wa tatu. Za chuo ni kwamba kozi zangu zote zimehamishwa isipokuwa moja, ileile ya dagaa. Kwetu kozi inayofanana nayo ina krediti 12, ya Mwanza ilikuwa na 9. Krediti moja ni saa kumi za kazi, kwa hiyo kwa hesabu yao nimepungukiwa saa thelathini za uchumi wa rasilimali. Nimewaza kuwapelekea daftari wahesabu wenyewe saa nilizosimama mwaloni. Badala yake nimekaa darasani na watoto wa mwaka wa pili, nairudia, na wiki iliyopita mhadhiri alitoa mfano wa soko la dagaa kwenye slaidi, ameandika "dagaa, kilo moja". Niliinua mkono. Nikaushusha.

Jana jioni simu iliita, namba ya Mwanza. Mama mwenye nyumba. Tukasalimiana mwadila zetu, akaniuliza masomo, akaniuliza Mama, akanipa habari za yule aliyepanga chumba changu, kwamba anapika na redio juu. Kisha akafika kwenye alichopigia.

"Mayu, leo mwezi ngapi huko kwenu?"

Nikatoka nje nikatazama, ingawa nilikuwa najua. "Mwezi kumi na moja."

"Na mimi nina harusi wiki ijayo. Nataka gunia."

"Mvua je?"

"Kavu kabisa."

"Basi nenda kesho asubuhi," nikamwambia. "Chukua wa chanja."